Ploti ya 50 kwa 100 Matugga, inateremka: nyumba, magari mawili na bustani vikae vipi?

BintiBombo

Habari zenu ndugu. Nina ploti ya futi 50 kwa 100 Matugga, barabara ya Bombo, Wakiso, Uganda. Naweka vipimo vyote ili asiyekijua kiwanja apate picha.

Barabara ya moramu (udongo mwekundu wa changarawe) iko upande wa magharibi, kwenye ubavu mfupi. Kutoka barabarani ploti inateremka kwenda mashariki. Mpima ardhi ametoa tofauti ya mita 1.8 kutoka mbele hadi nyuma. Kaskazini kuna ghorofa moja ya kupangisha, madirisha yake yananitazama. Kusini bado ni pori. Mashariki, chini, kuna jirani ana nyumba tayari. Bomba la maji safi lipo barabarani, la maji taka hakuna.

Ramani niliyonayo ni ya vyumba vitatu, upana mita 11, urefu mita 13, na mchoraji ameiweka katikati ya ploti. Nataka magari mawili yalale ndani, bustani ya mboga na migomba michache, na vyumba viwili vya kupangisha kule nyuma. Fundi anasema kila kitu kitaingia. Naona kama anataka tu kuanza kuchimba. Msingi bado. Mnasemaje?

Kigingi

Dada, hongera kwa kuuliza kabla ya jembe. Nitakwenda taratibu kwa sababu kosa liko kwenye neno moja ulilolitaja: katikati.

Kwanza ukubwa wenyewe. Futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48, yaani mita za mraba 464.5. Madalali huiita desimali 12 (desimali moja ni sehemu moja ya mia ya eka), lakini hesabu inatoa desimali 11.5. Kabla ya yote mwite mpima ardhi aliyesajiliwa akufungulie mipaka na kukuonyesha mawe. Usipime kutoka kwenye ua wa jirani. Ua wa michongoma hutembea.

Sasa toa ukuta wa uzio. Ukuta wa tofali pamoja na lipu pande zote mbili hula karibu sentimita 20, na lazima ukae wote ndani ya mpaka wako, pamoja na msingi wake ambao ni mpana kuliko ukuta. Kwa hiyo upana wa kutumia ni mita 14.84, si 15.24. Watu wengi wanachora kwenye 15.24 halafu wanashangaa gari linakwaruza kioo.

Nyumba ya mita 11 ikikaa katikati, kila ubavu unabaki na mita 2.12 mpaka mpakani, na ukitoa ukuta ni mita 1.92. Gari la kawaida lina upana wa mita 1.7 hadi 1.8 bila vioo. Halipiti, au likipita mlango haufunguki. Umepata vichochoro viwili vya mita 13 kila kimoja, jumla karibu mita za mraba 50, ambavyo havifai gari wala bustani kwa sababu ya kivuli. Eneo hilo lingetosha vyumba vitatu vya kulala. Hapo ndipo ploti ndogo zinapoliwa.

Isogeze nyumba kaskazini, na upunguze upana wake uwe mita 10.2. Ukitembea kutoka mpaka wa kaskazini kwenda kusini utakuta: ukuta 0.2, kichochoro 1.3, nyumba 10.2, njia ya gari 3.34, ukuta 0.2. Jumla 15.24. Umepoteza sentimita 80 za nyumba na kupata njia ya gari kamili. Gari la mita 1.8 likisimama kwenye njia ya 3.34 linabaki na sentimita 77 kila upande, mlango unafunguka na mtu anashuka na mfuko wake wa sokoni.

Kwa nini kaskazini na si kusini? Kwa sababu kaskazini ndiko kuliko na madirisha ya watu. Weka huko madirisha madogo ya juu, na yale makubwa ya sebule na jiko yatazame kusini, juu ya njia ya gari. Na hiyo mita 1.5 kutoka mpakani uithibitishe kwa afisa mipango wa halmashauri yako, yeye ndiye anayepitisha ramani. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo “huku ni kijijini” si jibu tena.

Urefu sasa. Kutoka barabarani: ukuta 0.2, uwanja wa mbele 7.0, baraza 2.0, nyumba 12.0, nyuma 9.08, ukuta 0.2. Jumla 30.48. Baraza la mita 2 si pambo. Kampala na vitongoji vyake viko karibu kabisa na ikweta, jua linapita juu ya kichwa mwaka mzima, na kuta zinazoteseka ni za mashariki na magharibi. Mbele yako ni magharibi. Bila baraza, sebule itakuwa tanuri kuanzia saa tisa alasiri. Vyumba vya kulala vipeleke nyuma, mashariki: vinapata jua la asubuhi, na usiku vimekwisha kupoa.

Hizo mita 7 za mbele usizipunguze hata kidogo. Gari dogo linahitaji nusu kipenyo cha mita 5 na ushei kugeuka. Geti likae kusini-magharibi, likitazamana moja kwa moja na njia ya pembeni. Gari linaingia kwa pua, linakata kushoto kwenye uwanja wa mbele, kisha linarudi kinyumenyume kwenye njia ya pembeni. Likisimama pua inatazama geti. Asubuhi unatoka ukiona boda boda zinazopita, badala ya kurudi nyuma barabarani huku unaomba Mungu. Gari la pili linalala kwenye pembe ya kaskazini ya uwanja, mita 2.5 kwa 5. Zinabaki mita 9.8 za kugeuzia. Zinatosha bila ziada.

Usiniamini mimi wala karatasi. Piga vigingi kwenye pembe nne za nyumba na za baraza, funga kamba, weka vijiti viwili mahali pa nguzo za geti, halafu leta gari lenyewe na ufanye mzunguko mara tatu. Kazi ya saa moja. Ukigonga kamba, sogeza kamba. Ukigonga baraza lililojengwa, hakuna cha kusogeza.

Chemba110

Kigingi amesema vizuri juu ya magari, lakini nyumba isiyo na bomba la maji taka la mji hupangwa kuanzia kwenye tangi la kupokea maji ya choo na bafu. Na hapa tangi lina masharti mawili yanayogombana: mteremko unalitaka nyuma, gari la kunyonya uchafu linalitaka mbele.

Suluhisho ni pembe ya kusini-mashariki, mwisho wa njia ya gari. Fanya hesabu ya mpira. Gari likisimama nje ya geti, mpira unapita uwanja wa mita 7, baraza na nyumba mita 14, na mita 3 hadi kwenye tangi. Mita 24. Mipira mingi inafika 30. Ukiliweka tangi pembe ya kaskazini-mashariki unaongeza kama mita 12, na dereva atakuambia hafiki, au atadai pesa ya kuunganisha. Tangi lisiwe chini ya mita 3 kutoka kwenye msingi.

Na dada, usijenge paa juu ya geti. Lile paa la vigae la kupendeza likiwa chini ya mita 3.5 ndilo linalozuia lori la kunyonya, lori la mchanga, na siku moja gari la zimamoto.

Kwa watu sita hadi wanane tangi la ndani mita 2.4 kwa 1.2, kina cha maji mita 1.5, linatosha, ni kama mita za ujazo 4.3. Ligawe vyumba viwili, cha kwanza 1.6, cha pili 0.8. Bomba la kutokea likae sentimita 5 hadi 7 chini ya la kuingilia, na yote mawili yawe na T (kiungo chenye umbo la herufi hiyo) inayoshuka ndani ya maji, la sivyo povu la juu litakwenda moja kwa moja kwenye shimo la kufyonza, lile linalonyweza maji ya tangi ardhini, na kuliziba. Mfuniko kwa kila chumba, 60 kwa 60. Mafundi wanapenda kuweka mmoja kwa kuokoa nondo. Chumba cha pili nacho hujaa tope.

Sasa jambo ambalo watu hawalioni mpaka bomba litokeze juu ya ardhi. Bomba la milimita 110 kwa kawaida hulazwa kwa mteremko wa 1 kwa 40, yaani linashuka sentimita 2.5 kila mita. Ardhi yako inashuka sentimita 6 kila mita. Ardhi inalikimbia bomba kwa sentimita 3.5 kila mita, na katika mita 12 za nyumba ni sentimita 42. Bomba lililoanza kwenye kina cha sentimita 45 litafika nyuma likiwa na udongo wa sentimita 3 juu yake, na hapo ndipo magari yanapopita. Dawa ni kuweka ngazi ndani ya chemba (kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba): bomba linakuja kwa mteremko wake wa kawaida, linaingia chemba, linashuka wima, linaendelea chini. Bafu zote mbili na jiko vipange upande wa kusini kuelekea nyuma ili bomba liwe fupi. Sehemu inayopita chini ya magurudumu ipewe udongo wa sentimita 60 juu yake, au izungushiwe zege la sentimita 10 pande zote. Chemba kwenye kila kona. Usikubali kiwiko kilichozikwa.

Kwenye kufyonza, usichimbe shimo refu la duara. Una jirani chini. Maji ya shimo refu kwenye mteremko hupita chini kwa chini na kutokea kwenye ukuta wake, na hapo mtaonana kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Chimba mtaro unaokwenda kaskazini–kusini, sambamba na usawa wa ardhi: urefu mita 8 hadi 10, upana sentimita 60, kina mita 1 hivi, kokoto kubwa, bomba lenye matundu, kisha kitambaa cha kuchuja kabla ya udongo. Ukae angalau mita 5 kutoka nyumba, na ubakishe mita 2 au zaidi kufika ukuta wa nyuma.

Kabla ya kuchimba, jaribu udongo. Chimba tundu la sentimita 30 kwa 30 hadi kina cha mtaro, lijaze maji jioni, lilale. Asubuhi lijaze tena na upime. Kama kwa saa nzima maji yameshuka chini ya sentimita 2.5, udongo huo ni mfinyanzi na mtaro hautafanya kazi, hata uuongeze kokoto. Fanya jaribio hilo mwezi wa nne au wa kumi na moja, mvua ikiwa inanyesha. Majibu ya Januari yanadanganya.

PuaNje

Vyumba viwili vya kupangisha nyuma: haviingii. Mita 9 za nyuma, toa 3.6 za chumba, zinabaki 5.4. Mtaro unataka mita 5 kutoka nyumba kubwa na mita 5 kutoka hivyo vyumba. Hesabu imekataa. Halafu wapangaji wapitie wapi? Katikati ya magari yako. Chagua bustani au wapangaji.

BintiBombo

Asanteni sana, nimechukua kalamu. Maswali matatu. Moja, kupunguza upana hadi 10.2 na urefu hadi 12 naona natoa karibu mita za mraba 20, nitazipunguza wapi? Mbili, huu mteremko wa ndani ya nyumba, fundi anasema tujaze moramu mpaka usawa. Tatu, maji ya barabarani. Barabara iko juu yangu na mvua ikinyesha hayana pa kwenda ila kwangu.

Vyumba vya kupangisha nimeviacha. Roho inauma kidogo.

Kigingi

La kwanza: tazama korido. Ramani za kupakua kwenye intaneti huwa na korido ndefu ya mita 1.2 inayopita katikati, kama hospitali. Mita 8 za korido ni mita za mraba 9.6 ambazo unazijengea, unazipaka rangi na kuzipigia deki bila kuzikalia. Ikipungua hadi mita 4, umepata karibu robo ya ulichokuwa unakidai. Nyingine itoe kwenye chumba cha kulia. Kiunganishe na sebule. Vyumba vya kulala visiguswe.

Na ile ndoto ya kupangisha usiiue kabisa. Chumba kimoja cha kulala kikipewa mlango wake wa nje upande wa kusini na bafu lake, leo ni cha mgeni, kesho cha mpangaji, bila kujenga kitu nyuma.

La pili ndilo la pesa. Nyumba ina urefu wa mita 12 kwenye mteremko wa asilimia 6, kwa hiyo ardhi inashuka sentimita 72 chini yake. Ukiinua sakafu sentimita 30 juu ya ardhi kule mbele, nyuma itasimama mita 1.02 juu. Wastani sentimita 66. Ukitoa unene wa zege na mawe, unajaza kama sentimita 50 kwa mita za mraba 122: mita za ujazo 61 zilizoshindiliwa. Moramu hupungua ikishindiliwa, nunua kama 75. Lori dogo la mita za ujazo 3.5 litakwenda safari 22.

Badala yake kata sakafu mara mbili. Sebule na jiko juu, kisha ngazi tatu za sentimita 15, vyumba vya kulala chini. Wastani unashuka hadi sentimita 43 au 44, na kifusi kinabaki kama mita za ujazo 33. Karibu nusu. Kama mna mzee anayetumia mkongojo au mtu wa kiti cha magurudumu, achana na ngazi, lipa moramu. Lakini usilipe kwa sababu fundi hajui kukata sakafu.

Ukijaza, shindilia kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na kupigwa kwa mashine. Kumwaga lori zote kisha kupita juu na mtu mmoja na gogo ni kununua nyufa za sakafu. Hazionekani mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili vigae vinaanza kulia ukivikanyaga.

La tatu namwachia Chemba110, anapenda maji.

Chemba110

Maji ya barabarani yanazuiwa mahali pawili. Kwanza kwenye mfereji wa barabara wenyewe: mbele ya geti lazima upitishe kalvati, na lisiwe jembamba. Bomba la sentimita 30 linazibwa na chupa na majani katika msimu mmoja, kisha maji yanaruka juu yake na kuingia kwako. Weka la 45 au 60, na uache tundu la kusafishia kila upande.

Pili, kwenye mstari wa geti inua zege sentimita 10 kama tuta jepesi, na mara baada yake, ndani, kata mfereji wa upana wa sentimita 20 kuvuka geti zima, ufunikwe kwa wavu wa chuma mzito. Mfereji huo uteremke kuelekea ukuta wa kusini, kisha maji yafuate ukuta hadi nyuma. Wavu usiwe wa kulehemu vyuma vyembamba; lori la kwanza la mchanga litaukunja.

Nyuma usiyaelekeze maji yote kwenye tundu moja la ukuta. Yakimwagika kwa jirani kwa nguvu ni kesi. Chimba bonde jembamba la kina cha sentimita 30 kando ya ukuta wa nyuma, lipandwe nyasi, maji yatandae na kunywewa. Bonde hilo na mtaro wa kufyonza visikutane, na maji ya mvua yasiingie kamwe kwenye tangi la maji taka. Mvua moja kubwa inasukuma tope lote kwenye mtaro.

Ukuta wa nyuma: hapo ndipo kuta za Wakiso zinapoanguka kila masika. Udongo umejazwa nyuma ya ukuta wa kawaida wa tofali, unanyonya maji, unakuwa mzito, ukuta unalala juu ya nyumba ya jirani. Kama udongo wako utakuwa juu kuliko wa jirani kwa zaidi ya sentimita 60 hivi, huo si uzio tena, ni ukuta wa kuzuia udongo. Unataka mhandisi, nondo na msingi wake. Na kwa ukuta wowote wa nyuma acha matundu ya bomba la sentimita 5 au 7 kila baada ya mita 2, na kokoto nyuma yake ili yasizibe.

Geti nalo: la kuteleza au la mabawa? Kwa moramu mimi napendekeza mabawa yanayofunguka ndani. Reli ya geti la kuteleza hujaa mchanga wa moramu na geti linakwama.

PuaNje

Hapo sikubaliani. Mabawa ya geti la mita 3.6 ni mita 1.8 kila bawa, na yanafagia pale pale gari linapoanza kukata kushoto. La kuteleza linakwenda kaskazini kufuata ukuta wa mbele, halili hata sentimita 30 za uwanja. Reli inafagiwa. Kuna pia ya kuning'inia isiyo na reli chini, ila inataka ukuta mrefu zaidi wa kujificha na nguzo nzito. Anao ukuta wa mita 14.84, nafasi ipo. Lakini mlango wa watu usiwekwe kaskazini ya geti, kwa sababu geti likifunguka litauziba. Uchonge ndani ya geti lenyewe.

Chemba110

Haya, kwa ploti hii umeshinda. Mfereji wa wavu uwe basi ndani ya reli, si nje, ili moramu izuiwe na tuta kwanza.

ShambaNyuma

Bustani imeachwa mwisho kama kawaida, kwa hiyo niseme kilicho cha haraka: kabla msingi haujachimbwa, kwangua udongo mweusi wa juu, sentimita 15 hadi 20, eneo lote la nyumba na la magari. Urundike pembe ya kaskazini-mashariki, ufunike kwa nyasi. Kwa mita za mraba 122 za nyumba peke yake unapata si chini ya mita za ujazo 18 za udongo mzuri. Mafundi wataufukia chini ya sakafu kama hukusema.

La pili la haraka: mahali pa kuchanganyia zege pawe pale magari yatakapolala. Waambie wazi na uweke mti wa alama. Wakichanganyia nyuma, sementi inamwagika, toroli zinakanyaga udongo unakuwa sahani, na mboga hapo zitatoka za njano miaka miwili.

Nyuma una mita 14.84 kwa 9.08. Mita 2 au 3 zinazogusa nyumba ni za kuanikia nguo na kazi za jikoni, usizipigie hesabu ya mboga. Nyumba ina kivuli. Kipimo cha kukumbuka: saa kumi jioni, kwetu, kivuli cha kitu ni sawa na urefu wake au kupita kidogo. Paa la mita 4.5 linafunika mita 5 za nyuma muda huo. Kwa hiyo matuta ya mboga yasogezwe mashariki, upande wa kaskazini wa uwanja wa nyuma, mbali na tangi. Tuta la upana wa mita 1.2, mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili. Njia ya sentimita 45. Matuta matatu ya mita 5 yanalisha nyumba mboga za majani: dodo (mchicha), nakati na sukuma wiki. Yafuate usawa wa ardhi, kaskazini–kusini, yasishuke na mteremko.

Juu ya mtaro wa kufyonza panda nyasi tu. Mboga za kuliwa mbichi, marufuku. Migomba inapenda unyevu ule, lakini ikae mita 2 pembeni, mizizi isiingie kwenye bomba. Nafasi ya mita 3 kati ya shina na shina. Kwa upana wako ni mashina manne, usidanganywe na mtu anayepanda kumi. Kila shina libaki na watatu: mama, mtoto, mjukuu. Ua dume likiisha kutoa vichane likatwe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, maana panga hubeba ugonjwa wa mnyauko kutoka shina hadi shina.

Mparachichi wa kawaida na mwembe, hapana. Hakuna mahali kwenye ploti hii palipo mita 8 kutoka nyumba, tangi na ukuta kwa pamoja. Papai, limau, mpera, sawa. Pasheni ipande kwenye waya juu ya ukuta wa kusini mpaka jirani ajenge.

Tangi la maji ya mvua liweke kaskazini-magharibi, mwanzo wa kile kichochoro. Hapo ndipo juu, maji yatateremka yenyewe mpaka bustanini bila pampu. Paa lako pamoja na upenu ni kama mita za mraba 170, na mvua ya milimita 20 ni lita 3,400; ukitoa zinazopotea unapata karibu 2,900. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5, lisikae juu ya udongo wa kujazwa. Ila pima kichochoro kwanza: matangi mengi ya lita 5,000 ni manene kuliko mita 1.3, kwa hiyo litatokeza kwenye uwanja wa mbele. Lipe nafasi kwenye pembe, nyuma ya gari la pili.

BintiBombo

Hilo la tangi limenigusa, maana pembe hiyo gari la pili tayari limechukua mita 2.5 kwa 5.

Kigingi

Uwanja una kina cha mita 7. Gari la pili liegeshe kwa kufuata ukuta wa barabara, upana wake 2.5. Kati yake na baraza zinabaki mita 4.5, na tangi la kipenyo cha mita 1.8 linakaa pale kwenye pembe ya baraza kichochoro kinapoanzia. Njia ya kugeuzia haiguswi, iko kusini. Acha tu sentimita 60 za mtu kupita kati ya tangi na ukuta wa kaskazini. Ongeza duara hilo kwenye kamba zako siku ya kujaribu gari. Ndoo nne zikipangwa duara zinatosha kuwa tangi.

Na mahali pa magurudumu usiweke pevingi (matofali ya zege ya kutandaza chini) uwanja mzima. Njia ya pembeni ipige mistari miwili ya zege, kila mmoja upana sentimita 60, unene 10, katikati nyasi. Maji yanapata pa kuingia. Uwanja wa kugeuzia ndio wenye pevingi za milimita 60, juu ya mchanga wa sentimita 4 au 5 na moramu iliyoshindiliwa sentimita 15, na ukingo wa zege kuzunguka. Bila ukingo, magurudumu yanayokata kona pale pale kila siku yatazisukuma pevingi mpaka zifunguke katikati.